Boriti Kuukuu Zina Kazi Bado

Neno "sakafu" asili yake ni Kiarabu, na huko lilikotoka maana yake ni paa. Mgeni huenda akastaajabu; mwenyeji wa Mji wa Kale, Mombasa, hastaajabu. Katika nyumba zetu za ghorofa, boriti za mikoko hulazwa kutoka ukuta hadi ukuta, juu yake yakapangwa mawe ya matumbawe na kushindiliwa chokaa. Aliye chini huiita dari; aliye juu huikanyaga sakafu. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, takribani mita 3.

Nyumba kama hiyo ibomolewapo, kuzichoma boriti zake ni ufujaji. Boriti iliyokaa pakavu, isiyoguswa na mchwa, yaweza kubeba sakafu nyingine. Iliyooza ncha hukatwa, ikafaa ushorobani. Mikoko minene, waama, haikui kwa mwaka mmoja. Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti ng'ambo mwaka 1982.

Hata hivyo, biashara ya mbao kuukuu inanitia shaka. Mnunuzi akitoa bei nono, mwenye nyumba mhitaji atashawishika kubomoa kisichostahili kubomolewa. Boriti na itoke kwenye nyumba iliyokwisha kuanguka tu, iingie kwanza kwenye nyumba ya jirani ambayo dari yake inalegea. Nanyi walimu, mfundishapo msamiati wa nyumba, wapelekeni wanafunzi wakaone jinsi fito, pau na boriti zinavyopitana kwa unene.