Mwenye Funguo za Ukumbi: Kazi Ambayo Wengi Hawaifahamu

Mtu apitaye jioni mbele ya ukumbi wa jamii katika mitaa ya Mashariki ya Nairobi, kama vile Kaloleni au Pumwani, huona taa zinawaka, husikia vijana wakipiga mpira wa meza, na pengine husikia kwaya ikirudia wimbo mmoja mara kumi. Karibu na mlango huketi mtu mmoja, mbele yake daftari, na mkononi ana funguo. Wengi hudhani kuwa huyo amepata kazi rahisi kuliko zote mjini: asubuhi afungua, usiku afunga, na katikati atazama wenzake wakicheza. Yafaa jambo hili lielezwe, maana kazi ya msimamizi wa ukumbi ni nzito, na uzito wake haumo katika michezo hata kidogo.

Kwanza yapasa kujua kumbi hizi zilitoka wapi. Ukumbi wa Ukumbusho wa Pumwani ulijengwa katika miaka ya 1920, kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya kwanza. Ukumbi wa Kaloleni ulijengwa pamoja na mtaa wake katika miaka ya 1940. Fedha za mambo ya ustawi wa Waafrika mjini zilitoka kwa sehemu katika pombe. Baraza la mji lilijiwekea haki ya kuuza pombe ya kienyeji peke yake, desturi iliyoigwa kutoka Durban, Afrika ya Kusini, ambako sheria ya 1908 iliyapa mabaraza ya miji ruhusa hiyo. Basi mnywaji aliyetoa senti zake katika kilabu cha manispaa alikuwa pia akichangia mambo ya mtaa wake, apende asipende.

Baada ya vita vya pili kwisha mwaka 1945, shule ya Jeanes huko Kabete ilipokea askari waliorudi kutoka ng'ambo, ikawafundisha kazi za ustawi wa jamii: kuendesha kumbi, kuweka hesabu, kuongoza michezo na kufundisha watu wazima kusoma. (Shule hiyo iligeuzwa mwaka 1961 kuwa chuo cha watumishi wa Serikali.) Maofisa wengi wa siku zile walitumaini kwamba mtu akipata mahali pa kucheza baada ya kazi, hatakuwa na nafasi ya kunung'unika.

Tumaini hilo halikutimia. Chama cha K.A.U. kilipigwa marufuku mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, lakini watu hawakuacha kuzungumza. Tom Mboya alipounda chama chake cha Nairobi mwaka 1957, Kaloleni palikuwa mahali pamoja alipowahutubia watu, na wenyeji wa mtaa husimulia hata leo kwamba ukumbi wao uliitwa Bunge. Mahali palipojengwa kwa ajili ya dansi na sinema pakawa mahali pa kujadili kura. Fikiri hali ya msimamizi katika siku hizo. Mshahara wake ulitoka katika baraza la mji. Mkutano ulihitaji kibali, na polisi waliweza kuja kukiuliza. Na waliojaa ndani walikuwa jirani zake, ambao kesho angekutana nao bombani. Haikumfaa kuwa adui wa upande wowote, wala hakuweza kuwa rafiki wa pande zote.

Siku hizi tabu ya namna ile imekwisha. Tangu 1963 nchi inajitawala, na tangu 2013 kumbi za Nairobi ziko chini ya Serikali ya Kaunti. Lakini shida ya asili ingalipo, nayo ni hii: ukumbi ni mmoja na wenye haja nao ni wengi.

Kazi ya asubuhi yaweza kuelezwa kwa maneno machache. Sakafu hufagiwa, viti huhesabiwa, choo huoshwa, glopu iliyoungua hubadilishwa. Kiti kimoja kikivunjika katika arusi ya Jumamosi na kisiandikwe, kufikia Krismasi vimevunjika ishirini na hapana ajuaye vilivunjwa na nani. Msimamizi mwema huvihesabu pamoja na mwenye karamu, kabla na baada, na wote wawili hutia sahihi. Watu wengine huona haya kuhesabiwa viti kama wezi. Hata hivyo ndiyo njia ya pekee ya kulinda urafiki.

Baada ya saa kumi za jioni ndipo watu huanza kuja. Watoto hutangulia, na hao hutaka mpira. Kina mama wa chama cha akiba hutaka chumba kidogo wahesabu fedha zao bila kutazamwa. Kwaya hutaka kinanda. Wazee hutaka dama, na pia hutaka vijana wanyamaze. Wapiganaji wa ngumi hutaka nafasi kubwa na mfuko wa mchanga usiotoboka, na msomaji asiwadharau hawa: Philip Waruinge, kijana wa mji wa Nakuru, alipata nishani ya shaba katika michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akatuzwa kombe la mpiganaji mwenye ufundi kuliko wote, na mwaka 1972 kule Munich akapata fedha. Mapigano ya ngumi katika nchi hii yalilelewa katika kumbi za mitaa, ambako kijana asiye na viatu aliweza kupewa glavu za kuazima. Glavu hizo lazima mtu azitunze, azianike jua lisizikaushe mno, azishone zikifumuka, na awe na ulimi wa kumzuia mkubwa asimpige mdogo kwa hasira. Mtu huyo ndiye yule mwenye funguo.

Ugumu wenyewe umo katika daftari. Chukua mfano wa Jumamosi moja. Jamaa ya bwana arusi wamekwisha lipa amana tangu mwezi uliopita, na stakabadhi wanayo. Ijumaa usiku, mtu wa mtaa afariki hospitalini. Ndugu zake hawana fedha za kuisafirisha maiti mpaka nyumbani, na hapana mahali pengine pa kukusanya watu na mchango. Asubuhi mzee wao anasimama mlangoni.

“Mzee, ukumbi umelipiwa,” msimamizi anamwambia.

“Najua, mwanangu. Lakini maiti haingoji.”

Sheria ya daftari iko wazi: aliyelipa ndiye mwenye siku. Msimamizi akiwaondoa watu wa arusi, hakuna atakayeiamini tena stakabadhi yake. Akimfukuza mzee, mtaa mzima utamkumbuka kwa tendo hilo hata akistaafu. Afanyalo mwenye ujuzi ni kwenda mwenyewe, kwa miguu, nyumbani kwa baba wa bwana arusi. Haombi ukumbi. Ampasha habari ya msiba, kisha anyamaza. Mara nyingi mwenye arusi mwenyewe ndiye asemaye kwamba watu wake hawataingia kabla ya saa nane, na kwamba waliofiwa wakae hapo tangu saa tatu mpaka saa sita. Pengine hutoa na mchango. Lakini si kila baba hujibu hivyo, na akikataa, msimamizi hana budi kurudi kwa yule mzee na kumpa baraza ya nje na viti thelathini, naye atukanwe kwa zamu yake.

Malipo nayo huleta majaribu. Kundi la dansi hulipa sana, mkutano wa dini hulipa kidogo, wanafunzi wajao kusoma hawalipi kitu. Siku hizi fedha nyingi hupita katika simu, jambo ambalo limepunguza wizi, lakini halikupunguza vishawishi. Mtu aweza bado kuahidiwa “chai” ili afute jina moja katika daftari na kuandika jingine. Mwenye kukubali mara moja huona kwamba mwezi unaofuata bei ya chai hiyo huwekwa na mtoaji, wala si yeye tena. Polepole ukumbi wa jamii huwa wa wenye fedha, na watoto huambiwa wacheze barabarani.

Wale wanafunzi wasiolipa ndio wa kuangaliwa zaidi. Katika nyumba nyingi za mitaa hii chumba kimoja hulaza watu watano au sita, na taa huzimwa mapema ili waendao kazini alfajiri wapate kulala. Mtoto aliye karibu na mtihani hana meza wala mwanga. Huja ukumbini, akajifanya atazama mpira wa meza, kisha akatafuta pembe na kufungua kitabu. Hana jina katika daftari. Hana kamati ya kumsemea. Kikundi cha muziki kikitaka kona ile iwe ya vyombo vyao, hapana sheria iliyoandikwa iwezayo kumlinda, ila macho ya msimamizi, ambaye aweza kusema vyombo vitawekwa upande wa pili karibu na mlango, na akasema hivyo bila kueleza sababu.

Saa nne za usiku ndiyo saa ya kufunga. Wapiganaji wamekwisha oga, wazee wamekwenda zao wakibishana habari ya mchezo wa mwisho wa dama, viti vimehesabiwa. Msimamizi hupita akizima taa, moja moja, akianzia jukwaani. Nyumbani kwake chakula kimepoa tangu zamani. Akifika penye ile pembe, mtoto huinua kichwa na kuomba nusu saa nyingine, maana hesabu mbili zimebaki. Taa ya pembe hiyo huachwa, na mwenye funguo huvuta kiti akaketi karibu na mlango.