Tope linapomeza dawa

Mwezi wa nne, mvua ya kupandia ikiwa imeshika, mzee mmoja jirani yangu huku Njoro alirudi kwa agroveti akiwa amefura. Alikuwa amenunua lita nzima ya glaifoseti, dawa ya magugu, akaipiga kwenye gugu la thangari lililojaa shambani, na wiki mbili baadaye thangari ilikuwa ya kijani kama kawaida. "Mmeniuzia maji," alisema. Msichana wa kaunta hakubishana naye. Alimwuliza tu, "Mzee, ya kuchanganyia ulichota wapi?"

Mtoni. Na Mto Njoro siku hizo ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kemia yote ya kisa hiki imo katika swali la msichana yule. Glaifoseti ni kampaundi ya kaboni iliyofungwa na fosforasi. John Franz wa kampuni ya Monsanto ndiye aliyegundua mwaka 1970 kwamba inaua magugu, ikaanza kuuzwa 1974. Lakini kampuni nyingine ya Marekani, Stauffer, ilikuwa imekwisha kupata hataza ya kampaundi za ukoo huo mwaka 1964, na sifa iliyotajwa haikuhusu shamba hata kidogo: zilikuwa hodari wa kushika metali. Tabia hiyo haijaondoka. Tope letu limetokana na majivu ya volkano, limejaa alumini na chuma, na glaifoseti ikitumbukia humo hunaswa kabla haijafika kwenye jani. Ndiyo maana kibandiko cha chupa husema utumie maji safi. Ni nani husoma kibandiko?

Aliyetupa maneno ya kueleza mshikano huo ni Gilbert Lewis, profesa wa Berkeley, katika kitabu chake cha 1923. Lewis hakujali kama asidi ni chachu au la. Kwake, asidi ni yeyote mwenye pengo, anayepokea jozi ya elektroni kutoka kwa mwenye nazo. Alumini ni mkopaji wa kutisha. Oksijeni zilizozunguka fosforasi ndizo zenye mali. (Lewis alipendekezwa kwa Tuzo ya Nobel mara nyingi mno na hakuipata hata moja. Mwenye kuona haki katika hilo anieleze.)

Mkopo huohuo ndio unaowasumbua wakulima wa Molo na Mau Narok kila msimu: wanaweka mbolea ya DAP, na udongo wa volkano unaikamata fosfeti kabla mizizi haijaonja. Ila una faida yake pia. Glaifoseti ikidondoka ardhini hufungwa papo hapo, na mahindi yanayopandwa siku chache baadaye huota bila kudhurika.

Kwenye maabara, tabia hii ya metali ya kukopa elektroni imegeuzwa kuwa chombo cha kazi. Mwaka 1952 Martin Kabachnik wa Urusi ya Kisovieti na Ellis Fields wa Marekani, kila mmoja kivyake, walionyesha kwamba amini, aldehaidi na fosfaiti vikichanganywa huzaa aminofosfoneti. Hizi ni binamu za glaifoseti, na zinafanana sana na asidi za amino hata vimeng'enya huzipokea kama wageni halali. Kutokana na udanganyifu huo, baadhi yake huua magugu, nyingine kuvu, nyingine bakteria.

Lakini mchanganyiko wenyewe mara nyingi ni mvivu. Wanakemia huongeza chembe ya asidi ya Lewis: kloridi ya zinki, ya chuma, au chumvi za lantanidi. Amini na aldehaidi zinapoungana, metali humshika naitrojeni na kumvuta elektroni zake, na kaboni iliyo kando yake hubaki na njaa. Fosforasi, yenye jozi ya ziada, hupata mlango wazi. Metali hujitoa na kwenda kuhudumia molekuli nyingine.

Ingekuwa hivyo kila mara, kazi ingekuwa rahisi. Amini na aldehaidi zikiungana hutoa maji, na maji hulemaza asidi nyingi za Lewis. Zaidi ya hayo, zao lenyewe hupenda metali, likaking'ang'ania kichocheo kama tope lilivyoing'ang'ania dawa ya mzee. Lantanidi zilipendwa kwa sababu huvumilia maji.

Ukoo wa fosforasi umo hata ghalani. Unga wa dawa unaochanganywa na mahindi ya gunia wakati mwingine huwa na pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi, pamoja na permethrini, nakala ya kiwandani ya sumu ya pareto, ua lililoipa Nakuru umaarufu, kwa ajili ya dumuzi ambaye wakulima humwita Osama. Hiyo pirimifosi si ya mchezo: kundi lake hukifunga kimeng'enya cha neva, mtu akatokwa jasho na mate, mboni zikasinyaa, pumzi ikakata. Damu yetu ina kimeng'enya cha kuvunja baadhi ya sumu hizi, na ajabu ni kwamba kinafanya hivyo kwa kalsiamu iliyomo ndani yake, asidi ya Lewis nyingine, inayoishika oksijeni ya fosforasi. Lakini kina mipaka. Hospitalini huanza na atropini.

Mzee alinunua chupa nyingine, akachota maji ya mvua kwenye tangi, akapiga asubuhi kabla ya upepo. Siku ya kumi thangari ilikuwa ya manjano. Nilipompongeza alitikisa kichwa. "Si maji," alisema. "Safari hii wameniuzia ile ya ukweli."