Mchagua Jembe na Mchagua Spana: Uteuzi wa Vifaa vya Kutengenezea Gari Nyumbani Vanga

Utangulizi

Methali "Mchagua jembe si mkulima" humsuta mtu anayefanya ubovu wa zana kuwa kisingizio cha kukwepa kazi. Katika kilimo methali hiyo ina mashiko, kwani mkulima hodari hulima kwa jembe lililopo. Kwa mintarafu ya gari, hata hivyo, mambo ni kinyume. Spana iliyozidi nati kwa milimita moja tu huzila pembe za nati hiyo, na jeki isiyotosha uzito huweza kumuua aliye chini ya gari. Makala haya yanaeleza namna mwenye gari anavyoweza kuteua vifaa vichache vya kumfaa nyumbani, yakitumia mji wa Vanga kuwa kielelezo. Aidha, yanadhihirisha kwamba majina ya vifaa hivyo ni sehemu ya uteuzi wenyewe, kwa kuwa anayetaja jina lisilo bayana huletewa kifaa asichokihitaji.

Vanga na haja ya vifaa

Vanga ni mji wa mwisho wa pwani ya Kenya upande wa kusini, katika Kaunti ya Kwale, jirani na mpaka wa Tanzania. Ni makao ya Wavumba, ambao lahaja yao ilichunguzwa na H. E. Lambert katika utafiti uliochapishwa mwaka 1957. Ufundi si jambo geni kwa watu wa pwani hii. Waunda vyombo vya baharini wametumia tezo, keekee, patasi na randa kwa vizazi vingi, na kila kifaa kina jina lake na kazi yake. Fundi wa jahazi hatoboi ubao kwa patasi ilhali keekee ipo.

Mazingira ya Vanga yanamlazimu mwenye gari kujitegemea kwa kiasi fulani. Safari ya kwenda Mombasa ni ya zaidi ya kilomita 100, na si kila hitilafu inayostahili gharama ya kumwita fundi kutoka Lunga Lunga au Ukunda. Hali kadhalika, hewa ya bahari ina chumvi, nayo chumvi huharakisha kutu. Nati iliyokaa miaka miwili bila kufunguliwa hushikana na bolti kana kwamba zimeunganishwa kwa moto. Hapo ndipo ubora wa spana unapojulikana.

Nati ndiyo inayoamua spana

Kosa la kawaida la mnunuzi ni kuanza na sanduku la vifaa badala ya kuanza na gari. Magari mengi nchini Kenya yaliingizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Katika magari hayo, nati na bolti nyingi huhitaji spana za milimita 8, 10, 12, 14, 17 na 19. Magari ya Ulaya, kwa upande mwingine, hutumia sana 13, 15, 16 na 18. Tofauti hii hutokana na viwango: bolti yenye unene wa milimita 8 huwa na kichwa cha 12 katika magari mengi ya Japani, ilhali kiwango cha kimataifa huipa kichwa cha 13. Kwa hiyo, mwenye Toyota atainunua 13 lakini huenda asiiguse mara kwa mara, naye mwenye Volkswagen hawezi kufanya kazi bila hiyo.

Land Rover za kale zilizoundwa Uingereza zina nati za vipimo vya inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 huingia katika nati hiyo, na kuingia huko ndiko kunakomhadaa mtu, kwa sababu huchezacheza na kuzila pembe pindi nguvu inapozidi.

Fauka ya kipimo, lipo suala la umbo. Spana ya mdomo wazi hushika nyuso mbili tu za nati, ilhali ya ringi huizunguka yote. Kwa nati yenye kutu, ringi au soketi ndiyo inayofaa kuilegeza. Mdomo wazi hufuata baadaye kuimalizia. Soketi nazo ni za aina mbili: zenye pembe 6 na zenye pembe 12 kwa ndani. Zile za pembe 12 hurahisisha kazi mahali pafinyu, bali zile za pembe 6 huikamata nati kwa uthabiti zaidi. Katika mji wa chumvi kama Vanga, mwenye fedha za seti moja tu anunue ya pembe 6.

Bisibisi na skrubu za nyota

Mafundi hutofautisha bisibisi ya flati na ya stari. Neno "stari" huficha tofauti muhimu. Skrubu ya msalaba iliyoenezwa na Henry F. Phillips wa Marekani katika miaka ya 1930 inakaribiana sana na skrubu ya msalaba ya kiwango cha Japani, lakini hazilingani. Bisibisi ya Phillips haiketi sawasawa katika skrubu ya Kijapani. Ikikazwa huteleza na kuuharibu msalaba. Tena ipo skrubu yenye ncha sita, ambayo kwa umbo ndiyo hasa inayostahili jina la nyota. Mnunuzi anayesema "nipe stari" bila ya maelezo zaidi ameagiza vitu vitatu kwa jina moja.

Kuinua gari

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Jeki ya mafuta huinua gari kwa msukumo wa mafuta yaliyozuiwa na mipira midogo ndani yake. Mipira hiyo ikichakaa, mafuta hupenya polepole na jeki hushuka bila ya mtu kuigusa. Kwa hiyo jeki ni kifaa cha kuinulia, wala si cha kushikilia. Gari likishainuliwa sharti liegemezwe juu ya stendi za chuma, na magurudumu yaliyobaki chini yawekewe kabari. Matofali hayafai kuwa badala ya stendi, kwani hupasuka ghafla. Mwenye fedha kidogo ni heri aahirishe kununua seti kubwa ya soketi akanunue stendi mbili.

Ardhi ya mchanga huongeza tatizo. Kitako cha jeki chenye sentimita 10 kwa 10 kina eneo la sentimita 100 za mraba. Kikiwekwa juu ya ubao mnene wa sentimita 30 kwa 30, uzito ule ule husambaa katika sentimita 900 za mraba, yaani mgandamizo juu ya mchanga hupungua mara 9. Ubao mwembamba haufai, maana hupinda na kurudisha uzito wote katikati.

Nati za gurudumu nazo zina kiasi chake cha kukazwa. Kwa magari mengi madogo ya Toyota, kiasi hicho ni nyutoni-mita 103, sawa na kuning'iniza mzigo wa takribani kilo 26 kwenye ncha ya mpini wa sentimita 40. Anayesimama juu ya spana kwa miguu miwili hupita kiasi hicho kwa mbali, na huweza kuharibu hesi za bolti.

Majina ya vifaa

Vanga ipo mpakani, na bidhaa na maneno huvuka pamoja. Neno "koleo" ni mfano mzuri. Kwa wengi humaanisha kifaa cha kubania, ambacho gereji nyingi hukiita plaizi. Kwa watumiaji wengi wa Tanzania, koleo ni kifaa cha kuchotea mchanga, ambacho wengine hukiita beleshi au sepetu. Anayemtuma mtu Tanga amletee koleo bila kueleza kazi yake asishangae akiletewa chombo cha mjenzi. Vivyo hivyo, "soketi" humaanisha kifaa cha kufungulia nati kwa fundi wa magari, na tundu la umeme ukutani kwa fundi wa nyaya.

Mfano mwingine ni spana inayorekebishika, ambayo mafundi wengi huiita "spana malaya" kwa sababu hukubali nati ya ukubwa wowote. Kwa upande wa semantiki, jina hilo ni sitiari iliyo wazi. Kwa upande wa isimujamii, linabeba dharau ambayo jamii huwaelekezea wanawake, na ndiyo maana si kila mtu anayeweza kulitamka mbele ya mkwewe dukani. Hata hivyo, jina hilo lina onyo la kiufundi ambalo istilahi rasmi hulikosa: kinachokubali kila nati hakiishiki yoyote barabara. Spana hiyo ni ya dharura, wala haifai kuwa ya kwanza kununuliwa.

Kununua na kutunza

Kwa kuanzia, mwenye gari la Japani atosheke na spana za ringi za vipimo vilivyotajwa, soketi zake pamoja na ya 21 kwa magurudumu, bisibisi zinazolingana na skrubu zake, plaizi, jeki, stendi mbili na mita ya umeme. Mita hiyo humwepusha na kununua betri bila haja: betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha takribani volti 12.6, na injini ikiwaka masomo hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Kazi za usukani na mifuko ya hewa ziachiwe fundi aliyesomea.

Baada ya kazi, vifaa vifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ili chumvi isivile. Sanduku liwekwe mahali pa juu, kwani mto Umba, utokao milima ya Usambara, umewahi kufurika hadi Vanga, na kifaa kilicholala majini hakirudi hali yake.

Hitimisho

Imebainika kwamba uteuzi wa vifaa vya gari hutegemea mambo matatu: kipimo cha nati, usalama wa anayefanya kazi na ubayana wa jina. Methali ya jembe haijabatilika, kwani inamsuta mvivu. Anayechagua spana kwa sababu ameipima nati hakukusudiwa na methali hiyo. Yapendekezwa wanafunzi wa Kiswahili wazuru gereji za Lunga Lunga, Ukunda na Tanga, wakusanye istilahi zinazotumika humo pamoja na maelezo ya kazi ya kila kifaa, kabla ya kubuni nyingine mezani. Orodha ya namna hiyo itamfaa mwanaleksikografia, na itamfaa pia mnunuzi wa Vanga anayemwagiza mtu dukani kwa simu.