Utangulizi: Kuisikiliza Opera Ukiwa Moshi

Msomaji wa Moshi anaweza kudhani opera haimhusu. Hapa hakuna jumba lake, na kuifuata ni kupanda ndege hadi Cairo, au Muscat, ambako Jumba la Opera la Kifalme lilifunguliwa mwaka 2011 kwa Turandot ya Puccini, katika mji wenye familia nyingi zinazoongea Kiswahili. Kitabu hiki nimemwandikia msomaji huyo. Kazi ngumu kuliko zote katika fani hii ni kulizoeza sikio, na huenda yeye ameshaifanya kanisani.

Opera ni mchezo wa kuigiza unaoimbwa, na kwa desturi mwimbaji hatumii maikrofoni. Je, anasikikaje mbele ya okestra ya watu 70? Si kwa kupiga kelele. Mafunzo ya miaka mingi humwezesha kukusanya nguvu ya sauti kwenye mitetemo 3,000 hivi kwa sekunde, mahali ambapo vyombo vya okestra vimepungua nguvu na sikio la binadamu ni kali. Asiyeamini akakae benchi la nyuma kabisa katika kanisa la Kilutheri, Machame au Kidia, kwaya ikiimba bila chombo. Asikilize sauti ya nne inavyotambaa sakafuni na ya kwanza inavyogonga dari. Wamisionari wa Leipzig walifika mlimani Kilimanjaro mwaka 1893. Uimbaji wa sauti nne na matarumbeta waliouleta Wachaga wameufanya wao. Siku hizi spika zimerundikwa hadi karibu na madhabahu, na kwangu mimi hiyo ni hasara tupu.

Jambo la pili ni watazamaji. Tangu Venice ilipofungua ukumbi wa kulipia kiingilio mwaka 1637, aliyelipa amejiona ana haki ya kusema. Desemba 2006, katika La Scala ya Milan, walioketi juu kabisa, kwenye viti vya bei nafuu, walimzomea mwimbaji Roberto Alagna akiimba katika Aida, opera ya Verdi. Akatoka jukwaani. Mbadala wake, Antonello Palombi, akasukumwa ndani akiwa na nguo zake za kawaida, na okestra haikungoja. Anayejua mashindano ya kwaya, au tuzo za taarab, hatashangaa sana.

Aida hiyo ilionyeshwa mara ya kwanza Cairo, tarehe 24 Desemba 1871, katika mji ambao mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alikuwa ameujengea jumba la opera miaka miwili kabla. Ni enzi zilezile ambazo, kama inavyosimuliwa, Sultani Barghash wa Zanzibar alimtuma Mohamed Ibrahim hukohuko Cairo akajifunze ganuni, chombo cha nyuzi cha taarab. Ndiyo maana taarab nimeiweka kando ya Verdi, si kwenye kiambatisho kama walivyonishauri wenzangu.

Anayeanza asianze na opera za Wagner. Saa tano ni nyingi. Aanze na La Traviata, na kisa akisome kwanza. Si aibu: hata La Scala maneno huonyeshwa kwenye kioo kidogo mgongoni mwa kiti cha mbele.