Mashine za Wodini Nazo Zahitaji Kinga

Tarehe 12 Mei 2017, programu haribifu iitwayo WannaCry ilienea katika nchi nyingi kwa saa chache, ikafunga mafaili ya kompyuta na kudai fedha ili yafunguliwe. Huko England, taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha huduma za afya za umma ziliathirika. Miadi ya wagonjwa inayokadiriwa kuzidi 19,000 ilifutwa, na katika maeneo 5 wagonjwa wa dharura walilazimika kusafiri mbali zaidi kutafuta huduma.

Lisilosemwa sana ni kwamba hazikukwama kompyuta za mapokezi peke yake. Mashine za MRI na vifaa vya kupimia damu navyo vilikuwamo, kwa kuwa ndani yake mna kompyuta, japo haionekani kwa nje. Microsoft ilikwisha kutoa marekebisho ya programu yake tangu mwezi Machi. Lakini fundi wa hospitali haruhusiwi kila mara kugusa programu ya kifaa tiba; sharti mtengenezaji aithibitishe kwanza, maana rekebisho lisilojaribiwa laweza kuvuruga kipimo au dozi. Tena mashine ya picha hutumika miaka mingi, huku programu iliyomo ikizeeka.

Ndiyo sababu kinga iliyo muhimu kuliko zote ni kutenga. Pampu za dripu na mashine za picha ziwe na mtandao wao, usiochanganyika na ule wa ofisi wala na Wi-Fi ya wageni, ili mdukuzi aliyeingia kupitia baruapepe ya mhasibu asifike kitandani kwa mgonjwa. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku kifaa kinapofungwa, kwani mara nyingi imechapishwa katika kitabu cha maelekezo. Na muuguzi asichaji simu kwenye tundu la USB la mashine, hata zamu iwe ndefu namna gani.

Wagonjwa waliopandikizwa kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo wana hofu yao, nayo si ya bure. Agosti 2017, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitangaza rekebisho la programu kwa vifaa vya namna hiyo vipatavyo 465,000 nchini humo. Kasoro iliyogunduliwa ingemwezesha mtu aliye karibu na mgonjwa kubadili mipangilio ya kifaa. Hapakuwa na taarifa ya aliyedhurika, na rekebisho halikuhitaji upasuaji: liliwekwa kliniki kwa dakika 3 hivi. Mgonjwa asikiaye habari kama hizo aende kwenye kliniki yake ya moyo na kadi inayotaja aina na namba ya kifaa chake.