Chaja inalia ukutani: Je, ni ya kuogopwa?



Ndugu msomaji, wiki hii tunaweka pembeni habari za maji ya kunywa na usafi wa vyoo, tujibu suala linaloulizwa mara kwa mara na akina mama wa huku Matemwe. Suala lenyewe ni hili: chaja ya simu au ya tochi, ile ya bei ndogo, inatoa sauti usiku. Mmoja anasema inapiga mluzi mwembamba kama mbu, mwengine anasema inanguruma. Yuko bibi anayeapa kuwa hasikii kitu na kwamba wajukuu wamezua, na wako walioanza kutaja mashetani. Je, chaja hiyo ni salama?

Wajukuu hawakuzua. Sikio la mtoto husikia sauti nyembamba sana, mpaka mitetemo 20,000 hivi kwa sekunde, na uwezo huo hupungua kadiri umri unavyokwenda. Kwa hiyo mtoto na bibi yake wanaweza kulala chumba kimoja, mmoja akasikia na mwengine asisikie, na wote wawili wakawa wakweli. Ama kuhusu mashetani, kusoma Ayatul Kursiy kabla ya kulala ni Sunna, usiiache. Lakini dawa ya mluzi huu ni kuchomoa plagi.

Sauti inatoka wapi? Umeme wa ukutani una nguvu ya volti 230, na simu inahitaji volti 5 tu. Ndani ya chaja kuna kifaa kinachouwasha na kuuzima umeme huo maelfu kwa maelfu ya mara katika kila sekunde, kisha unapita kwenye koili ndogo ya waya na kushuka nguvu. Simu inapokuwa na njaa ya chaji, kazi hiyo huenda kwa kasi ambayo sikio la binadamu haliifikii. Simu ikikaribia kujaa, au ukiichomoa na kuiacha chaja peke yake ukutani, chaja hufanya kazi kwa vipindi vipindi, na hapo mtetemo wa koili hushuka mpaka kwenye kiwango cha kusikika. Ndio ule mluzi. Hata chaja nzuri ya bei kubwa huweza kulia hivyo. Ya bei rahisi hulia zaidi kwa sababu vitu vyake vya ndani havikugandishwa vizuri.

Kwa hiyo mluzi mwembamba usiobadilika, peke yake, si dalili ya hatari.

Sauti za kuogopa ni nyengine. Ukisikia kuchachatika, kama chumvi iliyotiwa motoni, hizo ni cheche: plagi imelegea, soketi imechakaa, au unyevu umeingia. Sisi wa pwani tuna balaa la ziada, nalo ni hewa ya chumvi inayokula shaba ndani ya soketi. Mkulima wa mwani au mvuvi akirudi nyumbani na mikono ya maji chumvi akaishika plagi, anaipelekea chumvi hiyo mpaka ndani. Kuchachatika pamoja na harufu ya plastiki inayoungua, au chaja kuwa ya moto kiasi cha kutoshikika, maana yake ni moja: zima swichi, chomoa, usiirudishe tena.

Sauti ya pili ya kuogopa haitoki kwenye chaja bali kwenye betri yenyewe. Ni kufoka, kama tairi la baiskeli linalotoa upepo. Betri za lithiamu zikijazwa kupita kiasi hutengeneza gesi ndani, huvimba, na mwisho hupasuka na kuwaka. Ukisikia kufoka, usiishike kuichunguza. Toa watu chumbani, na usivute moshi wake, kwani una sumu.

Hapa nataka nikae kidogo, maana wengi wanakimbilia sauti na kuisahau hatari isiyokuwa na sauti. Ndani ya chaja, upande wa volti 230 na upande wa volti 5 lazima utenganishwe kwa nafasi na kwa kizuizi madhubuti. Anayetengeneza chaja ya bandia anabana hapo hapo, kwa sababu mnunuzi hapaoni. Mwaka 2016 maabara ya UL ya Marekani ilipima chaja 400 za bandia zilizoigiza za Apple. Zilizopita majaribio yote ni 3 tu, na 12 zilikuwa mbovu kiasi cha kuweza kumuua mtumiaji kwa umeme. Chaja ya namna hiyo inaweza kukaa kimya kabisa.

Fikiria basi mtu aliyetoka kutia udhu, mikono inachuruzika maji, akaikamata simu iliyo kwenye chaji ili aangalie saa ya swala. Ngozi iliyorowa hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko ngozi kavu. Kausha mikono kwanza. Na ukiishika simu iliyo kwenye chaji ukahisi inakutekenya vidole, usiitumie tena chaja ile. Vilevile iko tabia ya kutia kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya miguu miwili iingie. Matundu mawili ya chini yamefungwa kwa makusudi, kumlinda mtoto asitie msumari ndani. Anayeyafungua kwa kalamu anauondoa ulinzi huo, na plagi yenyewe inakaa imelegea.

Tukija kwenye betri za tochi, zile za duara zinazotolewa na kuchajiwa pembeni, utakuta zimeandikwa 9900. Betri ya ukubwa ule haibebi hata nusu ya hiyo. Mtume (S.A.W.) alipotia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta ndani limerowa, alimkemea muuzaji kwa kuficha aibu ya bidhaa yake. Maandishi haya hayana tofauti na lundo lile. Ndugu mfanyabiashara unayechukua mzigo Darajani, na wewe uko ndani ya suala hili.

Sasa ufanye nini nyumbani? Kubwa kuliko yote ni kutokuchaji mkiwa mmelala. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba iliungua Madina usiku na watu wake wamo ndani, na Mtume (S.A.W.) akaagiza moto uzimwe kabla ya kulala, kwa kuwa ni adui yetu. Chaji jioni mkiwa macho, juu ya sakafu au kigae, mbali na godoro, mto na chandarua. Wenye nyumba za makuti wazidishe tahadhari, maana moto ukifika kwenye makuti hausubiri mtu. Umeme ukikatika, chomoa, na usirudishe mpaka utulie baada ya kurudi. Sisi tuliopitia giza la mwaka 2008, na lile la miezi mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, tunajua namna watu wanavyokimbilia soketi umeme unaporudi.

Betri iliyovimba usiitoboe, usiitupe jikoni wala baharini. Iweke nje, ndani ya chombo chenye mchanga, mbali na watoto. Simu ikiwaka, zima umeme kwanza, kisha mwagia maji mengi ili kuipoza betri. Mchanga huufunika moto lakini haupozi.

Aliyeungua, mimina maji safi ya baridi ya kawaida, si barafu, juu ya jeraha kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Dawa ya meno, yai na mafuta ya taa havina kazi hapo. Asali ina shifaa, hilo Muislamu halibishi, lakini ngozi bado ina moto ndani na kinachohitajika kwanza ni maji.

Aliyenaswa na umeme usimshike kwa mkono. Zima swichi kubwa, au msukume kwa mti mkavu. Ikiwa hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwengine akitafuta gari. Na hata akiinuka akasema mzima, mpelekeni Hospitali ya Kivunge siku hiyo hiyo. Umeme huacha alama ndogo kwenye kidole, na huku ndani umeshapita kwenye moyo.