KAANGUKA AU KAANGUSHWA? Neno 'fall' na msomaji wa Kiswahili

Siku moja katika semina ya tafsiri tulipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kila mmoja atoe jina la Kiswahili la riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958). Maneno matatu tu. Tukadhani tutamaliza mapema twende zetu kantini. Kumbe! Mmoja alisema "Mambo Yamesambaratika". Mwingine akasema "Mambo Yameporomoka". Wa tatu akang'ang'ania "Mambo Yamevunjika". Mwenzetu mmoja wa viti vya nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akauliza: "Yameporomoka yenyewe, au kuna mtu kayaporomosha?" Muda ukaisha bila jibu. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu, ingawa nimechelewa.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Fall ni neno la zamani sana katika Kiingereza, lina zaidi ya miaka 1,000, na limezoea kubeba kila mzigo. Mvua, kwa Mwingereza, "inaanguka"; kwetu inanyesha. Majani "yanaanguka"; kwetu yanapukutika. Bei "inaanguka", kwetu inashuka. Usiku "unaanguka"; kwetu unaingia. Mtu "anaanguka" usingizini, "anaanguka" mgonjwa, na hata "anaanguka" katika mapenzi. Sisi tunasema kachukuliwa na usingizi, kashikwa na homa, na huyo wa tatu, vijana husema kazimika. Askari aliyekufa vitani naye "kaanguka". Wamarekani wameliita hivyo hata majira ya mwaka yanayotangulia baridi, kwa sababu ndipo majani yanapopukutika. Waingereza wenyewe walikuwa na matumizi hayo tangu karne ya 16, kisha wakayaacha na kuchukua neno lenye asili ya Kilatini.

Mpaka hapo mtu anaweza kusema: sawa bwana, hiyo ni kazi ya kamusi, mhakiki anahusikaje? Anahusika. Ukiipanga mifano hiyo utaona jambo moja. Katika fall hakuna mtenda. Kitu kilikuwa juu, sasa kiko chini, basi. Kiswahili, katika mifano mingi hapo juu, kinaleta mhusika wa pili: usingizi ndio unaomchukua mtu, homa ndiyo inayomshika, giza ndilo linaloingia. Na hata tunapotumia kitenzi chetu cha kawaida, anguka, ndugu zake wamekaa mlango wa pili: angua, angusha, angushwa. Ukibadilisha kiishio tu, mtenda anajitokeza. Mtoto akivunja glasi akasema "imeanguka", mama yake hucheka: "Imeanguka au umeiangusha?" Huo tayari ni uhakiki.

Nisije nikaonekana nakipendelea Kiswahili. Nacho kinajua kuficha. Tunasema "shilingi imeanguka", "serikali imeanguka", na hakuna anayeulizwa. Vilevile Kiingereza kilikuwa na jozi kama yetu: fall ni kuanguka, na fell, kitenzi kilichotokana nacho, ni kuangusha. Lakini huyo wa pili siku hizi amebaki zaidi na kazi ya kukata miti na kuangusha maadui. Fall ndiye aliyeachiwa historia, dini na tanzia.

Tuchukue historia. Jiji la Kampala lilichukuliwa tarehe 11 Aprili 1979 na majeshi ya Tanzania pamoja na Waganda waliompinga Idi Amin. Mwandishi wa Kiingereza huandika kwamba siku hiyo Kampala "ilianguka", na sentensi yake imekamilika. Mwandishi wa Kiswahili anaweza kumfuata, lakini karibu yake kuna "ilitekwa" na "ilikombolewa", na akichagua lolote kati ya hayo tunajua amesimama upande gani. Ukuta wa Berlin nao husemwa "ulianguka" mwaka 1989. Hakuna aliyeuona ukianguka. Watu waliufungua, wakaupanda, wakaubomoa kwa nyundo.

Dini nayo ina kisa chake. Dhambi ya Adamu na Hawa huitwa kwa Kiingereza the Fall, na John Milton aliijengea utenzi wake mkubwa, Paradise Lost (1667). Lakini ukisoma Mwanzo sura ya 3 kwa makini, habari ya kuanguka haimo. Wanadanganywa, wanakula, wanaona aibu, wanafukuzwa. Jina la "Anguko" lilikuja baadaye, na lilipokuja, vitenzi vyote hivyo vyenye wenyewe vikafunikwa na nomino moja.

Mwandishi mahiri huweza kuitumia sifa hiyo kwa faida yake. Edgar Allan Poe, katika hadithi yake fupi The Fall of the House of Usher (1839), anaweka maana mbili katika jina moja, kwa kuwa "nyumba" hapo ni jengo na ni ukoo pia. Mwishoni jengo linaporomoka na ukoo unakatika kwa pamoja. Mfasiri wa Kiswahili ana bahati kwenye "nyumba", maana nasi husema nyumba ya fulani tukimaanisha ukoo. Mtihani wake uko kwenye kitenzi: jengo huporomoka, ukoo hukatika, na Poe alitaka neno moja.

Sasa turudi kwa Achebe. Jina la riwaya yake alilitoa katika shairi la W. B. Yeats wa Ireland, The Second Coming, lililoandikwa mwaka 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika shairi hilo ulimwengu unasambaratika wenyewe, kama gurudumu lililopoteza kitovu. Achebe aliazima maneno hayo, lakini akayapeleka mahali ambapo swali la mtenda haliwezi kukwepeka: Umuofia, wakati wa kuja kwa wakoloni.

Tazama anavyolishughulikia. Katika sura ya 20, Obierika anamweleza rafiki yake Okonkwo jinsi mzungu alivyokuja taratibu na dini yake, wakamwona kichekesho, wakamwacha akae. Kisha anasema kwamba mzungu huyo ametia kisu katika vile vilivyowashikamanisha, ndipo wakasambaratika. Mpangilio huo ndio kiini cha hoja yangu. Kisu kinatangulia, kuanguka kunafuata. Kile ambacho jina la kitabu limekificha, Obierika anakitaja.

Basi tuseme "yameangushwa" tumalize? Hapana, bado. Achebe hakukiandika kitabu chake ili Umuofia iachiwe huru. Nwoye hakuvutwa na bunduki. Alikuwa na jeraha tangu Ikemefuna alipouawa, na vilio vya mapacha waliotupwa msituni havikumtoka masikioni. Waliotengwa na jamii yao walikimbilia kanisani kwa sababu huko ndiko walikoitwa watu. Nyufa zilikuwepo kabla ya kisu. Kwa hiyo mfasiri akiandika "yameanguka" anamwachia mkoloni aende zake. Akiandika "yameangushwa" anaisamehe jamii, na Okonkwo pia. Nadhani ndiyo sababu sitamlaumu Clement Ndulute, ambaye tafsiri yake ya mwaka 1973 inaitwa Shujaa Okonkwo. Aliliacha neno fall kabisa akamtanguliza mtu. Kuna kilichopotea hapo, maana "mambo" ni zaidi ya mtu mmoja. Lakini kuna kilichopatikana: msomaji anaanza kusoma akiwa na swali, shujaa huyu kapatwa na nini?

Na Okonkwo mwenyewe ndiye ushahidi wangu wa mwisho. Kitabu kinafunguliwa kwa mieleka. Kijana wa miaka 18 anambwaga Amalinze, aliyeitwa Paka kwa sababu mgongo wake haukuwahi kugusa ardhi, bingwa ambaye kwa miaka 7 hakuna aliyemweza. Jina la Okonkwo basi linatokana na kuangusha. Maisha yake yote anaogopa kitu kimoja, kuwa chini kama baba yake, Unoka. Na anapokufa, je, anaanguka? Haanguki. Ananing'inia juu ya mti nyuma ya boma lake. Kwa mila za watu wake ni mwiko kwao kuigusa maiti ya aliyejiua, kwa hiyo wanawaomba wageni, watu wa mkuu wa wilaya, wamshushe.

Kiingereza kinaweza kuliita jambo hilo lote kwa neno moja, fall, na wahakiki wengi wameridhika nalo. Kiswahili kinatudai zaidi: kujinyonga ni kauli ya kujitendea, kushushwa ni kauli ya kutendwa, na kati ya hizo mbili imekaa hukumu nzima ya riwaya. Alijitenda, na alitendwa.

Kwa hiyo, mwenzangu wa viti vya nyuma, jibu langu ni kwamba Achebe anataka yote mawili, yameporomoka na yameporomoshwa, na kazi yetu ni kusema, ukurasa kwa ukurasa, wapi ni lipi. Mkufunzi wetu alipenda "Mambo Yamesambaratika". Ni zuri kwa sikio. Mimi, kila nikilisoma, bado nalitafuta lile -shwa lililobaki nje ya jalada.